Malipo ya wakili pale mali inapozuiwa

Ndugu yangu, umeuliza kama wakili wa hapa Malindi anaweza kulipwa kutoka akaunti ya London iliyozuiwa kwa vikwazo vya Uingereza. Anaweza, ila ni lazima kwanza kipatikane kibali cha OFSI, ofisi iliyo chini ya Hazina ya huko, ambayo hutaka kuona makadirio ya kazi na viwango vya malipo ili ijiridhishe kwamba ada ni za kadiri. Utaratibu huu nauona wa haki, kwa sababu mtu asiyeweza kumlipa wakili hana njia ya maana ya kupinga kuorodheshwa kwake miongoni mwa waliowekewa vikwazo. Mhimize wakili aombe mapema, maana OFSI haitoi kibali cha kuhalalisha malipo yaliyokwisha kufanyika.