Kona ya utulivu ambayo mwanafunzi anaikataa

SWALI: Ninafundisha darasa la wanafunzi 11 wenye mahitaji maalumu. Baadhi yao wana usonji, wengine wana ulemavu wa akili, na karibu wote husumbuliwa na wasiwasi mkubwa. Nimepaka kuta rangi, nimebandika picha kila mahali, na nimetenga kona yenye mkeka na mito ili anayehangaika akatulie. Hata hivyo, kengele inapolia, msichana mmoja huziba masikio na kuingia chini ya meza, na nikimwambia aende kwenye kona hulia zaidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, pole kwa kazi, na hongera kwa kuuliza. Naomba nianze na huyo binti aliye chini ya meza, kwa sababu mahali alipojificha pamekwisha kukujibu sehemu kubwa ya swali lako. Mtoto aliyeshikwa na hofu, mwili wake hujiandaa kupambana au kukimbia: moyo humwenda mbio, misuli hukaza, kila kishindo humshtua, na uwezo wake wa kufuata maelezo marefu hupungua sana. Chini ya meza amepata kivuli, amepata kitu cha kumkinga mgongoni, na hakuna anayemtazama. Hebu kaa wewe mwenyewe kwenye ile kona kwa dakika chache, darasa likiendelea, uone kama inampa hayo.

Jambo la pili ni namna anavyofika huko. Kona ambayo mtoto huamriwa kwenda akiwa analia, mbele ya wenzake, kwake haina tofauti na adhabu, hata ikiwa na mito laini kiasi gani. Mpeleke siku ambazo ametulia, mkae pamoja, mfanye jambo analolipenda, kisha mpe kadi ndogo yenye picha ya kona hiyo ambayo ataionyesha anapohitaji kupumzika, bila kulazimika kusema neno. Akiionyesha, mruhusu mara moja, hasa katika wiki za mwanzo, maana hapo ndipo anapopima kama kadi hiyo inaaminika.

Kuhusu kengele, sidhani kwamba kinachomtisha ni sauti yake peke yake. Kuna uwezekano mkubwa kwamba inamtisha pia kwa sababu inamvamia. Hapa ratiba ya picha ina msaada mkubwa. Programu ya TEACCH, iliyoanzishwa huko North Carolina, Marekani, mwaka 1972, imejengwa juu ya wazo hili: mtoto mwenye usonji aone kwa macho yake nini kinafanyika sasa na nini kinafuata. Panga kadi za siku nzima kwenye ukanda mmoja ulio usawa wa macho yake, na kila somo likiisha aibandue kadi yake mwenyewe na kuitia kwenye kisanduku. Kadi ya kengele nayo iwe na nafasi yake. Dakika tano kabla haijalia, mwonyeshe kadi hiyo kimya kimya na umpe kifaa cha kufunika masikio, ili imkute amejiandaa.

Picha za ukutani nakushauri uzipunguze, ingawa najua umezitolea jasho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wa chekechea walikengeuka zaidi na kujifunza kidogo katika chumba kilichojaa mapambo kuliko katika chumba chenye kuta tupu. Haukuhusu wasiwasi, lakini akili iliyokwisha kuelemewa haihitaji mzigo mwingine. Acha wazi ukuta wanaoutazama wakati wa somo. Taa inayomemeteka ibadilishwe, na miguu ya viti ifungwe vitambaa isikwaruze sakafu.

Hofu ikishapanda, punguza maneno. Inama uwe usawa wake, kaa pembeni badala ya mbele yake, sema sentensi moja fupi kwa sauti ya chini, kisha subiri. Usimvute mkono wala kumtaka akutazame machoni. Zoezi la kupumua, la kutoa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta, lifundishwe wakati wa utulivu, kwa sababu mtoto anayetetemeka hawezi kujifunza jambo jipya.

Tahadhari moja: lengo lisiwe kumwondolea kila kinachomtisha, kwani mtoto anayekwepa daima huzidi kuogopa. Baadaye, akishatulia kwa kiasi, rekodi mlio wa kengele katika simu, umwachie yeye mwenyewe kidhibiti cha sauti, aanze kwa mlio hafifu kabisa na kupandisha kwa hiari yake. Katika kipindi hicho andika kila siku kilichotangulia kabla ya kujificha na muda aliochukua kutulia, kisha uwaonyeshe wazazi wake daftari hilo. Akianza kujiumiza, au wazazi wakikueleza kwamba halali wala hali vizuri, mwombeeni nafasi kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, mkiwa na daftari mkononi.