Maswali yenu: deni la M-Pesa, mpaka wa shamba na duka lililopigwa kufuli

Wiki hii maswali mengi yametoka Kisumu, Nakuru na Vihiga, na karibu yote yana shida moja: mtu ana haki yake lakini amebisha mlango usio wake, miezi ikaenda. Nimeyafupisha na majina nimeyatoa.

Swali, Kibuye, Kisumu: Nilimkopesha rafiki yangu 85,000 kwa M-Pesa mwaka wa 2023, hatukuandikiana. Sasa hashiki simu. Niende polisi?

Dada, polisi hawakusanyi madeni. Kama alikopa kwa nia ya kurudisha halafu akashindwa ama akakataa tu, hiyo ni kesi ya madai, na namba ya OB, ile ya kitabu cha ripoti cha polisi, haitakurudishia hata shilingi. Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo, na Kisumu iko. Inasikiza madai ya hadi shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu uiwasilishe, si lazima uwe na wakili na unaweza kuongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho.

Na usiseme huna maandishi. Stetimenti ya M-Pesa ni maandishi, ina tarehe, jina lake na pesa zenyewe. Itoe, halafu tafuta ile meseji alikuambia "nipe mpaka end month", hiyo ndiyo ina nguvu zaidi kwa sababu hakuna mtu huomba muda wa kulipa zawadi. Usizifute, na kama simu yako inakaribia kufa zihifadhi leo. Halafu mwandikie barua ya kudai, hata kwa mkono, taja pesa ngapi, ulimpa lini na unampa siku ngapi alipe, ubaki na kopi. Kwa deni la makubaliano sheria inakupa miaka 6 lakini tafadhali usingoje, watu huhama.

Swali, Vihiga: Jirani amesogeza mpaka karibu hatua tatu, ameng'oa makonge na kupanda nepia. Chifu ameandika barua mbili na bado. Nimshtaki wapi?

Mulembe mzee wangu. Hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu huko kwetu magharibi mashamba ni madogo na hatua tatu ni chakula cha nyumba nzima.

Chifu anaweza kuwaita na kuwatuliza, lakini hana mamlaka ya kuamua mpaka uko wapi. Na usikimbilie korti pia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema korti haitasikiza mzozo wa mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa njia ya hiyo sheria, kwa hivyo unaanza kwa Msajili wa Ardhi wa kaunti. Nimeona watu wamelipa wakili, wamesafiri kortini mara nne tano, halafu wanaambiwa rudini kwa msajili. Unamwandikia ombi ukitaja namba za mashamba yote mawili, majirani wanapewa notisi, na siku ikifika anakuja na seveya mpaka shambani.

Sasa watu hufikiri seveya atafungua ramani na mambo yaishe. Kama mpaka haukuwahi kupimwa rasmi, ramani ya usajili inaonyesha tu takriban mpaka unapita wapi, ndiyo maana makonge, mitaro na miti ya zamani ina uzito sana, na kung'oa alama za mpaka bila ruhusa ni kosa la jinai. Nimewahi kusimama kwa mpaka kama huo, majirani hawajasalimiana miaka minne, seveya anavuta tepu na kila upande unapiga kelele, halafu mama mmoja mzee sana akainama chini ya nepia akachimba na jembe lake taratibu, akatoa kisiki cha mkonge kimeoza cheusi, akasema huu alipanda baba mkwe wangu nikiwa bibi harusi. Wote wakanyamaza. Kwa hivyo kabla ya siku hiyo tafuta wazee wanaokumbuka, na upige picha pale makonge yalikuwa kabla mvua haijafuta mashimo.

Lakini angalia taito, ile hati ya shamba, kwanza. Kama bado iko kwa jina la marehemu babu na huyo jirani ni mtoto wa baba yako mdogo, basi mpaka wenu haujulikani kwa msajili, yeye anaona shamba moja tu. Hapo mnaanza na kesi ya mirathi, na ni afadhali mkae chini kama familia mkubaliane nani anachukua wapi, muweke sahihi, mpeleke hayo makubaliano kortini.

Swali, Free Area, Nakuru: Landilodi amefunga duka langu na kufuli juu ya kodi ya miezi miwili. Stoku yote iko ndani. Hatuna agrimenti.

Usivunje kufuli. Kukosa agrimenti ya maandishi hapa kunakulinda, kwa sababu duka lako linaingia kwa sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Cap 301, na landilodi hawezi kukutoa bila notisi rasmi ya angalau miezi 2. Hata kukamata mali juu ya kodi ni lazima apate ruhusa. Nenda jopo la kodi za majengo ya biashara, ile BPRT, uombe amri ya dharura ufunguliwe. Beba picha ya kufuli na rekodi za kodi ulizolipa, na ukubali wazi ile miezi miwili unayodaiwa, kuificha kutakuumiza.

Swali, Kakamega: Hakimu ametupeleka kwa upatanishi. Hiyo si kumaanisha kesi yangu ni dhaifu?

Hapana kabisa. Upatanishi wa korti ulianza Nairobi 2016 na ukaletwa huku, na Katiba yenyewe, kipengele cha 159, inataka korti zihimize njia hii. Mnapewa siku 60, mpatanishi hana uwezo wa kuwaamulia, na mnayosema mle ndani hayatumiwi kortini mkishindwana. Mkikubaliana mnaweka sahihi, korti inayafanya kuwa amri yake na hakuna rufaa, kwa hivyo ukiona kipengele hukielewi, omba dakika kumi, toka nje, mpigie mtu unayemwamini. Na kama unamwogopa huyo mtu kwa sababu amewahi kukupiga, mwambie mpatanishi mapema kabla hamjakalishwa chumba kimoja.

Swali, Ahero: Naweza kufungwa jela juu ya deni?

Inawezekana, lakini si kwa umaskini. Korti inataka kujua kama una uwezo na unakataa kulipa. Wengi wanaoshikwa ni wale walipata notisi ya kuja kujieleza wakaogopa, wakakaa nyumbani. Nenda hiyo tarehe na hesabu ya mapato yako kwa karatasi, uombe kulipa kidogo kidogo.