Tintin: tashtiti, kinaya au kejeli?

SWALI: Ninaandika uhakiki wa kitabu cha katuni cha Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, kuhusu fimbo ya Mfalme Ottokar. Niliandika kuwa masaibu haya ya Tintin, mwandishi wa habari kijana ambaye ndiye shujaa wake, ni "dhihaka ya kisiasa". Mwalimu kasahihisha, kaweka "tashtiti". Mwenzangu anashikilia "kinaya". Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate yeyote. Andika kejeli.

Mwalimu hakubuni, tashtiti kwa maana ya kumkejeli mtu ipo. Tatizo ni kwamba waliosoma fasihi sekondari hapa Tanzania wameikariri kuwa ni swali ambalo muulizaji analijua jibu lake: Juma kasimama mlangoni, nawe unamuuliza, "Ala, Juma, umekuja?" Ukiwaandikia hao "tashtiti ya kisiasa", watatafuta alama ya kuuliza.

Dhihaka nayo haihitaji sababu. Mtu hudhihakiwa hata kwa kigugumizi chake. Kejeli ina shabaha, na ya Hergé inaonekana waziwazi. Kisa kilianza kutoka gazetini mwaka 1938, mwaka ambao Ujerumani iliimeza Austria. Kikawa kitabu mwaka 1939. Ndani yake Borduria, nchi ya kubuni, inataka kuimeza jirani yake mdogo, Syldavia, ya kubuni pia, na kiongozi wa njama anaitwa Müsstler. Litamke jina hilo polepole: Mussolini na Hitler wamebanwa humo kama abiria wawili kwenye kiti kimoja cha daladala.

Mwenzako naye ana haki yake, ila ukurasa wa mwishomwisho tu. Mfalme wa Syldavia asipokuwa na fimbo ya enzi siku ya Mtakatifu Vladimir, sikukuu ya nchi hiyo, ufalme umemponyoka. Fimbo hiyo, iliyokuwa ikilindwa ngomeni, inamfikia mdomoni mwa mbwa wa Tintin! Hicho ndicho kinaya: tulitarajia hili, likaja lile. Sarufi pia inayatenganisha maneno haya. Tunasema "Hergé anawakejeli madikteta", lakini kinaya hakina kitenzi cha kumrushia mtu. Ukijaribu "anawakinai", umesema amewachoka. (Pengine alikuwa amewachoka kweli, lakini si ulichokusudia.)

Halafu hayo "masaibu". Najua yameenea, ila masaibu ni mateso, ni balaa zinazomwandama mtu. Tintin huzifuata mwenyewe, tena kwa ndege. Weka "visa vya Tintin". Ukitaka jasho kidogo, "visa na mikasa".