Hii 001 ya Mombasa imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi kijana wa Kisauni, hapa maskani kuna ubishi hauishi. Kila pahali 001, kwa tisheti, kwa kioo cha matatu, kwa tuktuk. Mmoja anasema ni kwa vile Mombasa ndo ilikuwa mji mkuu kabla ya Nairobi, mwengine anasema ni namba ya simu za zamani. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wameokota kitu njiani lakini jibu hawana. Kweli serikali ya mkoloni ilikaa hapa mpaka 1905 ikahamia Nairobi, na kweli simu za mezani za Mombasa zilikuwa zikianza na 011 kabla hazijawa 041, lakini enzi hizo nani alijiita 001? Uliza wazee hapo kwenu, watakwambia Mvita, au Mombasa Raha, basi.

001 imeletwa na katiba ya 2010. Kule nyuma kuna jedwali la kwanza lenye kaunti zote 47, na namba 1 ni Mombasa, 2 Kwale, 3 Kilifi, halafu inapanda bara hivyo hivyo mpaka inakuja kumalizia Nairobi. Si alfabeti, si ukubwa, wala si utukufu (samahani wanangu), wamefuata tu ile mikoa ya zamani na Pwani ikatangulia. Zile sufuri mbili hata kwa katiba hazimo, zimetoka kwa makaratasi ya serikali kama daftari la wapiga kura, ambako namba ya kaunti huandikwa kwa tarakimu tatu. Halafu 2013 tukapata gavana wetu wa kwanza, Hassan Joho, watu wakawa wanamwita gavana 001, na hapo ndo jina likakolea kabisa.

Sasa kawachokoze wenzako: IEBC, ile tume ya uchaguzi, ina namba za maeneo bunge pia, na huko 001 ni Changamwe, nyinyi wa Kisauni ni 003. Na wale wa Mtwapa wanaojibandika 001, waambie wakishavuka daraja hiyo ni Kilifi, kaunti 003, hata wakasirike.

Nairobi nao siku hizi utawasikia wanajiita 047. Wa mwisho kwa orodha na bado wanaringa!