Jibu: Joto la moshi wa tabaini linarudishwa kazini

Kaka, umeuliza kama joto la moshi wa tabaini kwenye mitambo ya kuhifadhi umeme kwa hewa iliyoshindiliwa linaweza kutumika tena. Mitambo hiyo hutumia umeme wa ziada kushindilia hewa pangoni, kisha hewa hiyo hufunguliwa izungushe tabaini, yaani mashine ya mapanga inayozalisha umeme. Linaweza, na limeshatumika.

Hapa Mafinga nashinda na kompresa ya kujaza upepo matairi. Ikipiga kazi, bomba linalotoka kwenye silinda halishikiki. Nikifungulia upepo, mdomo wa mpira unapoa kama asubuhi ya Juni. Hewa ikitanuka hupoa. Ndiyo maana mtambo wa Huntorf, Ujerumani, wa mwaka 1978, huchoma gesi kuipasha hewa inayotoka kwenye pango la chumvi. Moshi wake, ungali wa moto, unaishia angani. Kwenye mtambo wa McIntosh, Alabama, Marekani, mwaka 1991 waliweka kirudisha joto: moshi unapita upande mmoja wa mabomba, hewa ya pangoni upande wa pili, wala havichanganyiki. Gesi inayochomwa ikapungua kwa karibu robo. Ufanisi wake, yaani sehemu ya nishati iliyotumika inayorudi kama umeme, ni kama asilimia 54, wakati Huntorf ni 42 hivi.

Ila moshi usipozwe kupita kiasi, mvuke ukigeuka maji mabomba yataliwa na kutu. Mimi natamani hata joto la kushindilia lihifadhiwe, gesi isichomwe kabisa.