Usianze na idadi ya waliokufa, anza na jina la mtu

Juzi dada mmoja wa Mtwara kaniandikia inboksi, ana mashangazi ng'ambo ya mto Ruvuma huko Cabo Delgado, Msumbiji, na tangu kimbunga Chido kipite Desemba 2024 kila akiomba mchango kwenye grupu la kazini anajibiwa "poleni sana" halafu watu wanarudi kwenye mpira. Kaniuliza mi niliwezaje kuwachangishia Wamalawi ile 2023. Dada angu, nilianza kwa kushindwa vibaya.

Nina duka la vitenge Kariakoo, wateja wangu wengi Wamalawi. Yuko mmoja wa Blantyre tunamwita Amayi, miaka saba ananunua kwangu na hajawahi kunilaza na deni. Machi 2023 kimbunga Freddy, kile kilichozunguka Bahari ya Hindi zaidi ya mwezi, kikarudi mara ya pili kupitia Msumbiji, kikamwaga kusini mwa Malawi mvua ya miezi sita ndani ya siku sita. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 13 matope na mawe yakashuka kutoka mlima Soche, yakawakuta watu wa Chilobwe, mtaa wa hapo Blantyre, wamelala. Amayi alinitumia sauti ya sekunde arobaini, nusu yake ni mvua tu kwenye bati, halafu anasema mlango haufunguki, matope yamefika kwenye kitasa.

Nikapeleka habari kwenye grupu letu la wafanyabiashara, watu 240. Grupu hilo hilo mwezi mmoja nyuma lilichanga 1,850,000 kwa ajili ya tetemeko la Uturuki, na mi nilitoa na sijutii, kule na Syria walikufa zaidi ya 50,000. Sasa nikaandika takwimu, nikabandika picha za maiti, nikangoja. Masaa sita, emoji nne za mikono. Mmoja akaandika "hao si kila mwaka wana mafuriko?" Nikawaka, nikawashushia gazeti refu kwamba mnawalilia watu mnaowaona kwenye tamthilia kila usiku ila jirani anayepakana na Mbeya hamumjui hata mji wake mmoja. Admini akanitoa. Mpaka leo inaniuma, mle ndani kuna watu nimewazikia wazazi.

Lakini nilichosema kwa hasira kilikuwa na ukweli ndani yake: mtu hamlilii asiyemjua. Kesho yake nikaacha kuongelea Malawi nikaanza kuongelea Amayi. Nilipita duka kwa duka kwa wale wanaomuuzia, nikawawekea ile sauti, sikusema neno. Nikaenda kwa madereva wa malori ya njia ya Kasumulu, mpakani na Malawi, maana hao wanakula kule, wanalala kule. Na niliomba kitu kimoja tu, ndoo yenye mfuniko na sabuni ndani, kwa sababu kipindupindu kilishakuwa kinaua Malawi tangu 2022 na sasa maji yote yamechafuka. Siku tatu, ndoo 68. Aliyetangulia kutoa ni kuli mmoja, alitoa mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu ndo huo. Taja mtu, omba kitu kinachoshikika, anza na wanaokula kwa nchi hiyo. Na usigombeze watu jamani, usilinganishe misiba, maiti wa Uturuki hajamnyang'anya mtu wa Blantyre kitu. Na nyie mnaosema serikali yetu ilishapeleka helikopta na unga, ni kweli ilipeleka na ilifanya vizuri, ila mbona jirani akifiwa mtaani hamsemi mwenyekiti wa mtaa ameshakwenda? Malawi walithibitishwa kufa 679, wengine zaidi ya 500 hawakuonekana, na Watanzania wangapi walijua? Tubadilike, kesho ni sisi.

Dada wa Mtwara, usinitumie tena ile picha ya ramani. Niambie shangazi anaitwaje, anapika wapi saa hizi, na paa lake linataka mabati mangapi. Yule dereva aliyezipeleka ndoo ananiambia siku hizi anashusha simenti Mtwara, nimeshampa namba yako.