Jibu: Mtoto ana madoa mwilini, akilia sana mkono unalegea

Dada mleta uzi, pole sana. Umesema binti yako wa miaka mitano ana madoa ya kahawia tangu uchangani, na sasa akilia kwa nguvu mkono wa kushoto unalegea dakika chache kisha unarudi, na nyumbani wanasema ni deko. Mimi si daktari, ni mama tu. Ila hilo la mkono limenishtua.

Wangu naye alikuwa na madoa, tumboni, mgongoni na mapajani, bapa, rangi ya kahawa. Hayawashi wala hayatoi magamba. Tulipaka dawa ya fangasi karibu miaka mitatu, kila duka la dawa na tyubu yake. Hakuna aliyeyahesabu.

Alipofika miaka sita, asubuhi moja alikuwa anapuliza uji wa moto. Kikombe kikamponyoka. Nikamgombeza (bado naumia nikikumbuka), kumbe mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Baada ya dakika kumi akawa anacheza. Ikajirudia akilia, ikajirudia akipuliza puto. Bibi yake akasema kijicho, tukasomewa dua. Halafu siku moja akalia sana wakati wa kuchomwa sindano, mdomo ukaenda upande, mguu wa kulia ukagoma, maneno yakapotea. Safari hii havikurudi.

Hospitali walipima malaria, wakapima selimundu. Sikuwalaumu, maana huku kwetu kiharusi cha mtoto wengi hukijua kwa selimundu. Haikuwepo. Ni daktari mmoja kijana aliyemvua shati, akahesabu madoa, akaangalia kwapani na kukuta vidoa vidogo vidogo kama vya chunusi zilizokauka. Akasema: nyurofibromatosisi aina ya 1. Madoa sita au zaidi, kila moja likizidi nusu sentimita kabla ya kubalehe, ni dalili kubwa. Ni ugonjwa wa kijeni, takriban mtoto mmoja kati ya 3,000, na karibu nusu yao hakuna mwingine kwenye ukoo. Kwa hiyo wanaotafuta upande wa baba au wa mama wa kulaumu wapumzike.

Wengi wenye ugonjwa huu hawapati kiharusi. Lakini kwa wachache mishipa mikubwa inayopeleka damu mbele ya ubongo husinyaa polepole, na mwili huotesha vimishipa vyembamba vya kuziba pengo. Kwenye picha vinaonekana kama moshi, ndiyo maana Wajapani walioueleza mwaka 1969 wakauita moyamoya. Mtoto akilia au kupuliza, anahema haraka, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, mishipa inajibana, na sehemu iliyokuwa inapata damu kwa shida inakosa kabisa. Deko liko wapi hapo?

Sasa, ukienda usikubali kurudishwa na sitiskani ya kawaida (CT scan, picha ya kichwa ya eksirei) pekee. Ya kwanza ya mwanangu ilisomwa "hakuna tatizo". Omba daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, na uliza kuhusu MRI (picha ya ubongo ya mashine ya sumaku) pamoja na picha ya mishipa yenyewe ya damu, MRA. Aspirini usimpe kwa akili yako; wangu anatumia, lakini kwa kipimo cha daktari. Maji anywe ya kutosha, na akiharisha au kutapika usisubiri kesho. Akitakiwa kufunga kula kwa ajili ya kipimo au upasuaji, waambie mapema kuhusu mishipa yake ili awekewe dripu.

Wangu alifanyiwa upasuaji: mshipa wa ngozi ya kichwa ulilazwa juu ya ubongo ili uoteshe njia mpya za damu. Inachukua miezi. Tangu hapo hajapata shambulio jingine. Anaandika kwa mkono wa kushoto, mguu unaburuta kidogo akichoka, na maneno yamerudi mengi kuliko ninayoweza kuyasikiliza.

Mkono ukilegea tena, mrekodi kwa simu, na uende naye hospitali siku hiyo hiyo hata kama mkono umesharudi sawa. Usiku pia.